Sh Iliyonishinda, S Niliyoisikia

Siku ile nikiikumbuka, mwanangu, uso bado hunipata moto. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, nasomea matibabu ya usemi na usikivu, kozi ambayo watu wa kwetu Rangwe walidhani ni ya utangazaji wa redio. Mwalimu akaniambia nisome sentensi mbele ya darasa: “Shangazi amenunua shati la shule.” Nikajikaza, nikasoma: “Sangazi amenunua sati la sule.” Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja akauliza kwa sauti, huyu atamtibu nani na yeye mwenyewe ni mgonjwa? Wewe unajua kwamba lugha yetu ya Dholuo haina sauti ya sh. Wao hawakujua, wala hawakuuliza.

Likizo ilipofika nilimwambia dani, nyanya yangu aliyenilea, kwamba sirudi tena. Alikuwa akichambua maharagwe, na hakuinua hata uso.

“Kwani ulienda kule kutibiwa?” akaniuliza.

Nikainama nikaanza kuchambua naye.

“Mwenye ulimi mtamu aende akaimbe kanisani. Wewe umetumwa kazi ya masikio. Hiyo sauti inayokushinda, mwingine akiisema unaisikia?”

Nikasema naisikia vizuri.

“Basi rudi. Usinimalizie maharagwe.”

Dani hakuwa mtu wa kubembeleza, Mungu amrehemu. Nilirudi nikiwa nimenuna, lakini nilirudi, na tangu siku hiyo nikaacha kujisikiliza mimi, nikaanza kusikiliza watu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Mwaka wa mwisho tulipelekwa hospitali ya Homa Bay kujifunza kazi kwa wagonjwa. Asubuhi moja akaja mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka kisiwa cha Remba, na binti yake wa miaka saba, Selina. Mtoto alikuwa amerudia darasa la nasari hadi wenzake wakamwacha mbali.

“Daktari, hii mtoto si bubu,” mama akasema. “Anaongea nusu nusu tu. Mwalimu wake anasema ni kichwa ngumu. Kama na nyinyi hamuoni kitu, mimi narudi na yeye Remba, anisaidie kuanika omena. Sule itakuwa imemsinda.”

Nilimtazama yule mtoto nikaingiwa na hofu. Neno letu siku hiyo ndilo lingeamua kama atasoma au hatasoma.

Msimamizi wetu, mama mtaratibu aliyetoka pwani, akatuuliza tunaonaje. Mwenzangu akajibu haraka kwamba ni lafudhi tu, watu wa huku wote sh inawashinda, akanitupia jicho la pembeni. Wengine wakatabasamu. Mimi nilikuwa nimeshachuchumaa mbele ya mtoto. Nikamuuliza jina.

“Elina.”

Nikamwonyesha picha ya samaki. “Amaki.” Nikahamia Dholuo, nikamwambia aseme sani, yaani sasa hivi. “Ani.” Mama yake akacheka, akasema ndivyo anavyodeka tangu utotoni. Huko hakukuwa kudeka, mwanangu.

Nikasimama. “Mwalimu, sisi Waluo hatuna sh, lakini s tunazo tele, hata za kuazima. Huyu hana s hata katika lugha ya mama yake. Si lafudhi. Nadhani haisikii.”

“Anasikia!” mama akapinga. “Nikimwita anageuka.”

Msimamizi hakubishana na mtu. Alimchukua mtoto hadi chumba cha kupimia masikio, akamvisha vipokea sauti, akamwambia ainue mkono kila akisikia mlio. Kwa milio mizito mkono uliruka. Kwa milio myembamba mtoto alikaa akitungoja tuanze. Ngoma alisikia, filimbi hakusikia, na s ni ndugu wa filimbi. Msimamizi akanigeukia mbele ya wote akasema, “Umesikia vyema.” Mwanangu, shahada yangu nilipewa baadaye, lakini mimi nahesabu kwamba nilihitimu pale.

Selina alipovishwa mashine ndogo za masikio, mama yake alivuka chumba kumjia. Mtoto akashtuka, akatazama sakafuni, akaonyesha kidole. Alikuwa amesikia patipati za mama, zile ndala za mpira, zikikwaruza saruji. Yule mama akarudi nyuma, akavuka tena, akavuka tena, huku analia na kucheka. Na sisi tulilia. Mafunzo ya usemi yalichukua muda mrefu, lakini leo binti huyo yuko kidato cha nne, na kwenye mdahalo hakuna anayetaka kusimama baada yake.

Basi wewe, mwana wa dada yangu, uliyenipigia simu jana kutoka chuoni unakosomea kazi hii hii yangu, ukisema utafunga virago urudi Migori kwa sababu wanakucheka unavyotamka, fungua hivyo virago. Mwacha asili ni mtumwa. Jifunze sh yao ukiweza, si dhambi, ila usione haya kwa ulimi uliopewa na mama yako. Mtoto umpime kwa lugha anayogombezwa nayo nyumbani. Na ile methali ya asiyesikia la mkuu, kabla hujamtupia mtoto, uliza kwanza kama masikio yake yamepimwa.

Mungu Nyasaye akupe sikio lisilochoka na moyo usiotishwa na kicheko. Waje kwako walioambiwa hawawezi kusema, waondoke wakibishana njia nzima. Na siku ya kuhitimu nitakupigia vigelegele mpaka walio ng'ambo ya mpaka, Tanzania, waulize nani ameolewa.