Klachi ya Feni Niliichagua Mimi, Fundi Hana Kosa

Nianze na lililo zito kabla ujasiri haujaniisha: mimi ni mwongo. Bibi wa wajukuu kumi na moja, sauti ya kwanza kwenye kwaya ya akina mama, na ni mwongo!

Fundi Ambakisye hakukosea. Nyie mliokuwa kwenye harusi ile ya Lufingo mkamcheka, mlimcheka mtu asiye na kosa. Mharibifu ni mimi. Ngoja niseme yote, na msinikatize.

Nina gari. Si gari tu, ni gari-nyumba! Ndani lina vitanda viwili, jiko, sinki, mapazia ya maua, na kichoo kidogo kama kabati, ukikaa magoti yanagusa mlango. Wazungu wawili wazee walikuja nalo zamani wakielekea Malawi, likawafia hapa Tukuyu. Marehemu mume wangu alikuwa mlinzi pale walipofikia. Walipochoka kusubiri spea wakapanda ndege, gari wakamwachia yeye na karatasi zake zote; spea ilipofika, likafufuka. Rungwe nzima halipo lingine. Kila Jumamosi nalifuta kuliko ninavyofuta meza yangu ya chakula.

Sasa mjukuu wangu Tumpe akapata mchumba. Nikatangaza sokoni, nikatangaza kanisani: Tumpe wangu hapandi gari la kukodi lililofungwa maputo! Atatoka hapa Kisondela na gari la babu yake, kakaa kitandani kama malkia, anashushwa mlangoni mwa kanisa la Lufingo.

Wiki mbili kabla, gari likaanza kuchemka.

Nikamwita Ambakisye. Akafunua injini, akanionyesha kidude cha mviringo kama sufuria lenye mbavu, kimekaa kati ya injini na feni.

"Bibi, hii ndiyo klachi ya feni. Injini ikiwa baridi, inaiachia feni ijizungukie polepole. Injini ikipata moto, inaishika feni izunguke kwa nguvu, ipoze rejeta. Hii yako imekufa, haishiki tena. Nitaenda kutafuta nyingine, wewe pumzika."

Nipumzike! Kitu changu kinanunuliwa, mimi nipumzike! Nikajifunga kanga yangu nikamtangulia njiani.

Tukaingia duka la spea za mtumba pale mjini. Muuzaji akatandaza klachi mbili juu ya gunia, zote zinaingia kwenye gari letu. Ya kwanza ilikuwa kavu, imepauka kama kisigino changu. Nikaizungusha. Ikakataa! Ikasogea kidogo, ikasimama kama mbuzi aliyeona daraja.

Ya pili ilikuwa inang'aa mafuta. Nikaizungusha. Heee! Ikazunguka, ikazunguka. Nikamsalimia muuzaji, nikamuuliza habari za mkewe na watoto wake wote, bado inazunguka!

Nikasema hii hapa.

Jamani, mimi nimenunua kuku maisha yangu yote. Kuku mzima ni yule anayekurukia mkononi, siyo yule anayezubaa. Na mtoto anayetunzwa mnamjua kwa mafuta, anang'aa mpaka magotini. Kitu kikavu kinachokataa kutembea ni kigonjwa. Ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri kwa sauti kubwa.

"Bibi, ni kinyume," Ambakisye akasema. "Inayokaza ndiyo nzima. Hii inayozunguka hovyo imekwisha ndani. Na hayo mafuta ni ya kwake mwenyewe, yanavuja."

"Hayavuji. Imepakwa."

"Nani apake klachi ya feni mafuta, Bibi?"

"Mwenye adabu!"

Muuzaji akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, msikilize fundi."

"Nimsikilize huyu? Huyu nimempokea mimi, kwa mikono hii, siku mama yake alipojifungua. Alitanguliza miguu! Tangu siku hiyo hajui njia."

Duka zima likaangua kicheko. Ambakisye hakucheka. Akafuta mikono kwa kitambaa chake, akasema taratibu, "Sawa, Bibi. Nitaifunga hiyo. Lakini tukichemka kwenye mlima, utasema nani aliyeichagua?"

"Nitasema ni mimi! Mbele ya kanisa zima!"

Mdomo huu huu ndio uliosema hivyo.

Siku ya harusi mvua ikanyesha, mnaijua mvua ya kwetu. Ambakisye akashika usukani, maana gia za gari lile anazijua yeye peke yake. Tumpe kitandani na shela lake. Mimi mbele. Jogoo wa zawadi kafungwa miguu chini ya sinki. Nyuma yetu msafara wa kwaya unaimba.

Tambarare tukaenda vizuri! Nikamgusa bega Ambakisye. "Umeona?"

"Mlima bado, Bibi."

Mlima ukafika. Kwanza ikaja harufu. Halafu mvuke, kama chungu cha makande kimefunuliwa. Mvua inatunyeshea juu, gari linachemka chini! Likakohoa, likasimama katikati ya barabara, na msafara wote ukasimama nyuma yetu.

Mara naona lori la ndizi linashuka kutoka Lufingo. Anayeendesha ni nani? Baba yake bwana harusi mwenyewe, kaja kutazama kwa nini tumechelewa!

Sasa, kwetu Wanyakyusa mwali haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Vijana wa leo wanalegeza. Mimi silegezi! Nikapiga kelele, "Tumpe, jifiche!" Maskini mjukuu wangu akakimbilia kwenye kile kichoo, mlango ukabana shela, nusu ndani, nusu nje.

"Bibi, siwezi hata kukaa!"

"Usikae! Simama na unyamaze!"

Yule baba ana malori matatu ya kupeleka ndizi Dar es Salaam, na wiki ile ile alikuwa ameahidi kumpa Ambakisye kazi ya kuyatengeneza yote. Ilikuwa riziki ya nyumba nzima ile. Mimi nilijua. Kisondela yote ilijua.

Akainama kwenye injini iliyozimwa, akaigusa feni kwa kidole. Ikazunguka kama pia ya mtoto.

"Hii klachi imekufa. Mbona inavuja hivi? Nani kachagua uchafu huu?"

Ambakisye akanitazama. Alikuwa ananisubiri.

Nikaona akina mama wote wa kwaya wananitazama. Wale wale niliowatangazia. Nikasema, "Si huyu hapa anayejiita fundi! Mimi mwanamke mzee najua nini kuhusu feni?"

Chini ya sinki, jogoo akawika.

Nyie mnaokwenda kanisani mnajua nilivyojisikia. Na bado sikusema kweli! Yule baba akamtazama Ambakisye tangu viatu mpaka kofia, akasonya.

Tumpe alifikaje kanisani? Hapo ndipo mlipocheka. Tulimpandisha nyuma ya lori, katikati ya mikungu, tukamfunika turubai asimwone mkwe wake dereva. Bwana harusi akamfunua mlangoni mwa kanisa kama ndizi zilizovundikwa, jani limemganda kwenye shela. Kaolewa, ndaga, asante kwa Mungu. Hanisemeshi sana, lakini kaolewa.

Anayeumia ni Ambakisye. Malori yalipelekwa kwa fundi wa Mbeya. Watu wakampachika jina Fundi Mvuke. Magari yaliyokuwa yanapanga foleni kwake sasa yanampita.

Na mtu huyo alikuja Jumatatu! Alikwenda dukani, akachukua ile klachi kavu niliyoikataa, akaifunga bila kunisuta. Gari linapanda mlima wa Lufingo bila hata jasho.

Nikampelekea mkungu wa ndizi na maziwa mgando. Akapokea. "Ndizi nitakula, Bibi. Lakini ulinichafua mbele ya watu. Nisafishe mbele ya watu."

Watu wale walikuwa wengi, na magoti yangu hayawezi kupanda vilima nyumba kwa nyumba. Ndiyo maana naandika hapa mnaposoma wote, kwa mkono wangu wa darasa la nne.

Baba wa malori, ukisoma haya ujue: fundi aliniambia, nikambishia. Mrudishie kazi yake! Mimi nicheke unavyotaka, hata sokoni, wale waliotusikia dukani wameshaanza kuniuliza kama parachichi nalo nimelizungusha.

Na nyie mabibi wenzangu, mnaojua kila kitu kwa kukishika: jueni kuku, jueni ndizi. Kwenye feni mwachieni anayejua feni. Na mkikosea, semeni pale pale, jogoo hajawika.

Jina langu silitaji, ingawa mwenye gari-nyumba Rungwe ni mmoja tu.

Nimemsomea Ambakisye haya kabla ya kuyatuma. Kasikiliza mpaka mwisho, kakuna kidevu, akasema, "Asante, Bibi. Ila ile ya kutanguliza miguu ungeitoa."

Sikuitoa. Ile ni kweli.