Figa la Tatu

Mimi si mtu wa maneno. Darasani nilikaa nyuma, na mwalimu akiniuliza hata jambo ninalolijua, nilinyamaza mpaka akahamia kwa mwingine. Niliishia darasa la saba. Kwa hiyo ukiona nimekaa siku nne kuandika karatasi hizi chache, ujue sina faida yoyote ya kukudanganya. Jambo hili limetokea nyumbani kwetu Maretadu, na jiko lenyewe lipo. Ukija utaliona. Mkono wangu pia utauona.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu vya tofali za kuchoma, lakini jiko la nyuma ni la zamani kuliko vyote. Babu alilijenga kwa miti na udongo alipomwoa bibi, na vyumba vingine vikaongezwa mbele yake miaka ya baadaye. Ndani kulikuwa na mafiga matatu tu, meusi kama chungu. Dirisha halikuwapo. Moshi ulitoka ukipenda.

Dada yangu Paskalina, aliyeolewa Balangdalalu, alikuja kujifungulia kwetu. Mimba zake mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Safari hii alitembea kama mtu aliyebeba mayai, na kila alipoingia jikoni alikohoa mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa nimeuza maharage yangu, baba yetu ni marehemu, mwanaume wa nyumba ni mimi. Nikamwambia mama nataka kulibomoa jiko, niweke dirisha, sakafu ya saruji na jiko banifu lenye bomba la moshi.

Mama alinitazama muda mrefu. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema, "Sawa. Lakini anza na kuta."

Mimi nikaona hiyo ni ruhusa. Sikuuliza kwa nini nianze na kuta.

Nikamleta fundi Bura kutoka Dongobesh, mtu wa utani mwingi. Tulikuwa tumeangusha kuta mbili wakati mtoto alipokuja, wiki tatu kabla ya siku zake. Alizaliwa salama zahanati, msichana, mdogo kama njiwa, na kesho yake walirudi nyumbani. Lakini nyumbani gani? Nyuma kulikuwa wazi, turubai linapigwapigwa na upepo wa Julai. Sufuria zilikuwa chini ya kitanda, vumbi kwenye unga, vumbi kwenye chumvi. Makaa ya moto wa jikoni nilikuwa nimeyahamishia barazani kwenye karai bovu, na hapo ndipo tulipopikia. Mama na Paskalina walijifungia chumba cha ndani na mtoto. Kwetu mwanaume haingii chumba cha mzazi, basi mimi nilikuwa naacha uji mlangoni na kugonga.

Siku hiyo fundi Bura akayapiga teke mafiga.

"Kijana, haya ni ya makumbusho? Yatupe korongoni. Kesho tunamwaga zege."

Nilitaka kwenda kumuuliza mama. Lakini nimuulizeje, nipige kelele kupitia pazia, fundi akinisikiliza? Niliona aibu.

"Mbona unaduwaa? Wewe siku ukitaka mke utamtumia barua?" akacheka.

Mafiga mawili yalitoka kwa urahisi. La tatu lilikuwa limezama. Nililipiga sururu mpaka jasho likanitoka, na lilipoinuka, chini yake palikuwa na udongo mweusi, laini kama unga. Juu ya udongo ule kulikuwa na ushanga wa samawati, mduara mdogo wa kutosha mkono wa mtoto mchanga. Nilitaka kumwita fundi aone, nikaogopa utani wake. Nikachota ule udongo na ushanga wake, nikatia kwenye toroli pamoja na mafiga yote matatu, nikaenda kumwaga vyote korongoni, kwenye kifusi cha kuta.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito, hata choo chetu sikukiona. Nilikuwa barazani napuliza moto wa uji. Nilipoinua kichwa, mwanamke mzee alikuwa amesimama pembeni ya baraza, amejifunga shuka kuukuu, miguu peku. Nywele zangu zilikuwa zinadondosha maji kwa ukungu. Zake zilikuwa kavu, zina majivu. Alinuka moshi wa siku nyingi.

Mkononi alishika kigae cha chungu.

"Nipe moto," akasema kwa Kiiraqw cha wazee. "Mwanangu amepoa."

Nilipaswa kusema shikamoo. Hata mtoto wa chekechea anajua. Lakini mbele ya mgeni ulimi wangu huwa jiwe, nikamtazama tu.

Kuna mambo mawili nimekua nikiyasikia. La kwanza, mtu akija na kigae kuomba moto hanyimwi. La pili, nyumba yenye mtoto ambaye kitovu chake hakijadondoka, moto hautoki. Mwingine angesema, "Bibi, samahani, ndani kuna mzazi." Maneno matano tu. Niamini, niliyahesabu baadaye. Sikuweza kuyasema.

Nikachukua koleo, nikamwekea kaa moja. Hakuondoa kigae. Nikamwekea la pili. Hakuondoa. Sikuweza kusema basi. Nikaendelea kumwekea, mpaka karai likabaki majivu matupu. Ndipo akageuka, akaingia kwenye ukungu.

Nikawasha kiberiti, nikapanga kuni upya. Moto ukawaka vizuri, miali mirefu. Nikabandika maji. Nikasubiri, nikasubiri. Nikachovya kidole: baridi. Nikaongeza kuni, moto ukalamba sufuria mpaka mfuniko, na maji yakabaki kama yalivyotoka kisimani. Nikasogeza mkono kwenye miali. Sikusikia chochote. Umewahi kuona moto usio na joto?

Fundi Bura alifika, akacheka, akasema sufuria imerogwa. Akaenda kwa jirani, akarudi na chupa ya chai. Huko ilikuwa imemiminwa ikitoa mvuke. Alipoimimina barazani kwetu ilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Hapo hakucheka tena. Alikwenda nyuma akaanza kuchanganya zege.

Ndipo nikamsikia Paskalina ndani.

"Mama, shika miguu yake. Mama, mbona hanyonyi?"

Halafu sauti ya mama, ile sauti anayoitumia kanisani kwenye misiba: "Mlaze kifuani. Mfunike. Mpulizie."

"Nampulizia! Pumzi yangu yenyewe ni ya baridi!"

Mama akatoka, uso umempauka. Akaniambia nikamlete bodaboda, mtoto apelekwe zahanati. Nilipiga simu, yule kijana wa bodaboda akasema kwa ukungu ule hatashuka kwetu, yuko barabarani, tumfuate. Nikakimbia kwenda kumshika hata kwa nguvu. Nyuma yangu Paskalina alikuwa ameanza kulia, si kilio cha kuomba msaada. Alikuwa anamwimbia mtoto na kulia humo humo.

Njia inapita juu ya korongo. Nilipofika pale nikaona moshi. Ulikuwa unapanda kutoka pale pale nilipomwaga kifusi.

Wewe ungefanya nini? Mtu mwenye akili angekimbilia pikipiki. Mimi nilishuka korongoni kwa makalio, nikichubuka.

Yule mwanamke alikuwa ameketi katikati ya kifusi chetu. Mafiga mawili ameyapanga, na katikati yake makaa yangu yanawaka mekundu. Joto likanipiga usoni, joto la kwanza tangu asubuhi. Kifuani alikumbatia kitu alichokifunika kwa shuka, anakitikisa taratibu.

"Shikamoo, bibi," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Marahaba. Kumbe una mdomo."

"Bibi, naomba moto. Mtoto wa dada yangu anapoa."

"Na wangu?"

Akafunua shuka. Ndani yake lilikuwa figa la tatu. Jeusi, na ule ushanga wa samawati umewekwa juu yake kama juu ya kifua cha mtoto.

"Mguse," akasema.

Nikagusa. Lilikuwa la baridi kiasi cha kuuma mifupa. Na ndani yake, kwa mbali sana, kitu kilipiga. Kikanyamaza. Kikapiga tena. Kama kukuambia nilisikia vibaya kungenipa usingizi, ningekuambia hivyo. Sikusikia vibaya.

"Miaka yote amelala penye joto," akasema. "Nani kamwamsha?"

Ningeweza kumtaja fundi Bura.

"Ni mimi, bibi."

"Moto huu hautoshi wawili, mwanangu."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonivunja. Nikapiga magoti kwenye vile vipande vya ukuta wa babu. Nikalia mbele yake, mimi ambaye hata kwenye mazishi ya baba nilijificha zizini.

"Walale pamoja," nikasema. "Jiko moja. Nitamrudisha pale pale alipokuwa. Hatapoa tena."

"Mpaka lini?"

Nilimfikiria Paskalina na ule wimbo wake. "Siku zote."

"Siku zote za nani?"

"Zangu."

Akalipapasa jiwe. Kisha akasimama, akaniinamisha, akanifunga figa lile mgongoni kwa shuka lake, kama mama anavyombeba mtoto. Akaweka ushanga kwenye mfuko wa shati langu. Nikatafuta kigae cha kubebea moto, sikukiona.

"Kinga mkono," akasema.

Nikakinga kiganja cha kulia. Akanimiminia makaa yote. Sikusikia kitu. Nilipanda korongo nikikimbia, jiwe mgongoni, moto mkononi, na sikugeuka nyuma.

Fundi Bura alikuwa amejaza zege kwenye ndoo, yuko tayari kumwaga. "Simama! Umebeba nini wewe? Umezaa na wewe?" Halafu akaona mkono wangu, na harufu ikamfikia. Ndoo ikamponyoka.

Nikalitua figa mahali pake, nikaweka ushanga chini yake, nikamwaga makaa pembeni na kuyapuliza. Lile shuka lililonifunga nilipolishika lilikuwa masizi tupu, likabaki kwenye vidole. Makaa yakashika kuni. Nikaweka kikombe cha maji, yakaanza kuimba.

Kutoka chumba cha ndani mtoto akalia. Kilio kikali, cha njaa, cha hasira. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Na hapo hapo mkono wangu ukaanza kuuma, nikaanguka.

Mama alikuja akaliona lile figa. Akakaa chini kwenye udongo, mbele ya fundi, na kujifunika uso kwa kitenge.

Aliniambia jioni, wakati ananifunga mkono. Mtoto wa kwanza wa bibi aliishi siku nne. Ulikuwa mwezi wa baridi kama huo. Bibi alikataa asilazwe nje kwenye udongo wa baridi, akamlaza jikoni usiku na kumwekea figa juu, na tangu siku hiyo hadi kufa kwake, kabla mimi sijazaliwa, moto wa jiko lile haukuzimika. Mama alipoolewa, bibi alimwonyesha jiwe na kumwambia asilisogeze. Ni mambo ya wanawake, hayasemwi kwa mtoto wa kiume.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

Akakaza fundo la kitambaa mkononi mwangu.

Sasa ni mwaka wa tatu. Jiko limekwisha, lina dirisha, lina bomba, moshi unapanda juu vizuri. Katikati ya sakafu ya saruji kuna shimo la mduara lenye jiwe moja jeusi, na wageni hucheka, wanadhani fundi alisahau. Fundi Bura mwenyewe hacheki. Siku hizi kabla ya kubomoa jiko la mtu anamwita kwanza bibi wa nyumba, aseme yote. Kiganja changu kimejikunja na hakisikii moto wala baridi. Kalamu naishika kwa kushoto, ndiyo maana naandika polepole.

Mwaka jana mwenye duka la nafaka Katesh, rafiki wa marehemu baba, aliniita nikafanye kazi kwake. Nikamwachia mama moto, nikaenda. Mama ni mtu mzima, usingizi ukamchukua, moto ukafifia. Siku ya pili alfajiri simu ikalia, ni Paskalina, yuko Balangdalalu kwa mumewe, mbali na jiko letu: "Umefanya nini? Mtoto amepoa! Umefanya nini?" Nilirudi siku hiyo hiyo, nikauchochea moto, mtoto akapata joto. Sijatoka tena. Huamka mara mbili kila usiku kuongeza kuni. Nina miaka ishirini na moja.

Kinachoninyima usingizi si kuni. Ni neno nililolisema korongoni. Niliulizwa siku zote za nani, nikasema zangu. Mtoto yule sasa anakimbia, anaongea, ana mdomo kuliko ukoo wetu mzima. Siku zangu zikiisha, zake zitakuwaje? Ningesema zetu. Ningesema za nyumba hii. Mimi na maneno yangu machache.

Basi wewe unayetaka kubomoa jiko la nyumbani kwenu, na watu bado wanalala humo, usiinue jiwe kabla hujamuuliza aliyepika hapo. Akinyamaza, uliza tena. Ita kwa sauti kupitia pazia, acha fundi acheke. Na mtu akija kuomba moto, msalimie kwanza, umuulize mtoto wake ni yupi.

Naishia hapa. Makaa yamebaki mawili.