Majivu ya Kituo cha Nne

Kuna kanuni moja niliyowafundisha watu wa Witeithie kwa miaka mingi, nikiwa katekista wao, na sasa kila nikiikumbuka damu inanichemka. Kitu kilichobarikiwa kikiharibika, hakitupwi jalalani. Huchomwa kwa heshima. Ndiyo maana matawi ya Jumapili ya Matawi huwa tunayarudisha kanisani mwaka unaofuata, yakachomwa, na majivu yake tukapakwa kwenye paji la uso Kwaresima inapoanza. Kanuni yenyewe haina kosa.

Ukutani mwa kanisa letu kulikuwa na vituo kumi na vinne vya Njia ya Msalaba, vilivyochongwa kwa mbao za makreti. Mchongaji alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hapo Thika, mtu aliyetoka magharibi ya nchi, sasa ni marehemu. Askari wake wa Kirumi walishika rungu kama mabawabu wa getini. Simoni, yule aliyelazimishwa kumsaidia Yesu kubeba msalaba, alivaa gambuti, viatu vya mpira vya kiwandani. "Huyu ametoka zamu," niliwaambia wanafunzi wangu, "amechoka kama wewe, na bado anashikwa bega: beba." Hapo hata waliokuwa wakisinzia waliinua macho.

Katika kituo cha nne, Yesu anapokutana na mama yake, Bikira Maria alikuwa na uso wa mke wa mchongaji: mashavu mapana, kovu dogo juu ya jicho. Mjane huyo aliketi chini ya kituo hicho kila Jumapili. Aliniambia hiyo ndiyo picha pekee ya ujana wake.

Jumatatu kabla ya Jumatano ya Majivu nilirudi kutoka Gatuanyaga, mweupe kwa vumbi la bodaboda, nikaona moshi nyuma ya kanisa. Mwenyekiti wa kigango alikuwa na reki, anachochea. Juu ya matawi makavu niliona gambuti la Simoni likiungua.

"Haiya, mwalimu! Umefika wakati mzuri," alisema. "Hizi picha zilikuwa zimeliwa na mchwa. Tumepata mpya za plastiki, ziko na fremu ya dhahabu. Kuja uone."

"Mchwa wamekula ngapi?"

"Mbili hivi."

"Na hizo kumi na mbili?"

"Sasa tungechanganya mpya na za zamani? Zikae kama meno ya mtoto?" Akacheka. "Na hatukutupa, mwalimu. Si wewe ulitufundisha tusitupe?"

Nilimpokonya reki nikavuta. Niliambulia makaa na kiganja kilichobabuka. Nilimwambia maneno ambayo katekista hapaswi kusema, na sijayatubu yote. Mwanafunzi wangu huyo hakuwa mjinga, alifuata nilichomfundisha. Sikuwahi kumwonyesha jinsi ya kupaka dawa ya mchwa, kuunga kipande cha mbao, kusubiri gundi ikauke. Kutengeneza sikufundisha. Nilifundisha mazishi tu.

Jumatano nilimsaidia padri kupaka majivu. Mjane akafika mbele yangu. Nilishindwa kumpaka kabla hajajua.

"Mama," nilimnong'oneza, "kituo cha nne kimo humu."

Aliitazama sahani ya majivu mkononi mwangu, kisha ukuta, ambako Maria wa plastiki alikuwa anang'aa.

"Mwenyekiti mmeshampaka?"

"Ndiyo."

"Mngemwongeza."

Akafumba macho, nikampaka. Baada ya misa nilimfuata nje na mkebe wenye majivu yaliyobaki. Nilidhani namfanyia wema.

"Majivu ninayo jikoni, mwalimu," alisema, bila kuupokea. "Mimi nilikuwa nataka uso."

Mkebe ninao bado. Jumamosi iliyofuata niliingia darasani na chupa ya gundi, nikamwambia kila mtu alete kitu cha kanisa kilichovunjika. Walileta rozari, kiti, msalaba usio na mkono mmoja. Mwenyekiti sikumwalika.