Isale Kwenye Boksi la Mbwa

Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akisifu mtori wangu wa ndizi, najiuliza anataka nini. Mgeni akiaga mapema, najiuliza ameona nini. Mume wangu husema nilizaliwa nikimwangalia mkunga kwa jicho la pembeni, na mimi humjibu kwamba kama mkunga angekuwa mwema asingekuwa na haraka vile.

Miaka ile ya mwanzo wa soko huria ilinipa sababu. Kiwanda alichofanyia kazi mume wangu kilikuwa kimepunguza watu, naye akiwa mmoja wao. Maduka ya mjini Moshi yalijaa vitu vya kila nchi, na kila nyumba mtaani kwetu Shirimatunda ilikuwa na kitu kipya cha kuibiwa. Redio ya jirani iliondoka mchana kweupe, ikiwa bado inaimba. Kisha mbwa watatu wa mtaa wakakutwa wamekufa kwa nyama ya sumu, wote wamefungwa kwenye mabanda yao ya nje. Ndipo mume wangu alipoamua kwamba sisi tutafuga mbwa wa kulala ndani.

Mbwa alitoka kwa bwana mifugo mmoja mstaafu wa Kirua Vunjo. Mzee huyo alimleta mwenyewe kwenye kikapu, akamweka sakafuni kama anayeweka mayai, na kabla hata ya kunywa chai akaanza kutupa masharti. Akila, mtoeni nje. Akiamka, mtoeni. Akimaliza kucheza, mtoeni. Akifanya haja nje, msifuni na mumpe kitu kidogo pale pale. Akifanya ndani, nyamazeni, futeni, osheni harufu kwa maji ya limau. Msimsugue pua kwenye mkojo wake, maana atakachojifunza ni kuwaogopa nyinyi, si kutoka nje.

"Nitarudi baada ya mwezi," alisema. "Nikikuta amepigwa, naondoka naye."

Nilimtazama mzee huyo nikajiuliza amewahi kulea watoto kweli. Sisi tulilelewa kwa samaki mkunje angali mbichi, na mkunjo wenyewe ulikuwa wa fimbo. Mtu anayekataza kofi kwa mbwa, mimi namwona ana jambo.

Lakini nilikubali, kwa sababu nilikuwa nashinda nyumbani. Nilikuwa na cherehani kibarazani, napunguza suruali na magauni ya mitumba, na mtu anayeshinda nyumbani ndiye anayepewa mbwa. Watoto wetu walikuwa shule ya bweni, na mume wangu alishinda mjini akitafuta vibarua. Aliyebaki mchana kutwa pamoja nami alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa ameteremka kutoka Mwika, kule mlimani, kwa ajili ya kliniki ya presha, akae wiki mbili, na sasa ulikuwa mwezi wa tatu. Siku mbwa alipofika, alimtazama kutoka kwenye kiti chake, akasema kwao mbuzi na ng'ombe walilala ndani na watu, na hakuna aliyewahi kumpigia mbuzi makofi kwa sababu amekojoa.

Basi tukaanza. Mbwa alikuwa na ukubwa wa kiatu cha mtu mzima, rangi ya ugali wa mtama, masikio yamekataa kusimama. Nilimtengenezea boksi la sabuni kwenye kona ya korido, nikamtandikia gunia na majani makavu ya mgomba. Kila nilipomtoa uani nilikuwa na dagaa mfukoni. Akikojoa kwenye nyasi, nilimpa dagaa mmoja na kumwambia ni mbwa wa maana. Nilikuwa naangalia kwanza kama jirani yupo kwenye ua wake, maana mke wa mtu kumpongeza mbwa kwa mkojo si jambo la kuonekana.

Baada ya wiki mbili alikuwa ameelewa. Alikuwa akienda mwenyewe mlango wa uani na kukaa hapo akinitazama. Nilifurahi, nisidanganye. Nilikuwa nimeanza kumpenda, na nilikuwa nimeanza kumwamini yule mzee wa Kirua Vunjo.

Kisha korido ikalowa.

Nyumba yetu ina korido moja tu, kutoka vyumbani hadi mlango wa uani, na choo kiko nje, mwisho wa ua. Sakafu ya korido ni nyekundu, naipaka nta kila Jumamosi, kwa hiyo tone la maji linaonekana. Mchana mmoja nikitoka kibarazani nilikuta dimbwi katikati ya korido, na mtoto wa mbwa amesimama kando yake analamba midomo. Nikanyamaza, nikafuta, nikaosha kwa limau. Kesho yake, saa zile zile baada ya chakula cha mchana, dimbwi lingine, na mbwa pale pale. Siku ya tatu hivyo hivyo.

Kilichonikera ni wingi. Mbwa wa ukubwa wa kiatu angewezaje kutoa maji yale yote? Nikamshuku mume wangu kwamba anampa maziwa kwa siri. Aliapa kwamba hampi. Nikaanza basi kumwangalia mama mkwe.

Kulikuwa na mambo. Alikuwa ameacha kunywa chai yangu. Kikombe kilirudi kimejaa, na nilichukulia kwamba ameona kasoro. Kanga zake alizifua mwenyewe mara mbili kwa siku na kuzianika nyuma ya banda la kuku, mbali na kamba yangu, nikasema haya, hataki nguo zake ziguse zangu. Na mbwa, ambaye yeye hakumtaka, alikuwa akimfuata kila anakokwenda. Nikahitimisha kwamba mama anamfungia mbwa mlango makusudi, amkojoze ndani, ili mzee wa watu akirudi nionekane nimeshindwa. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na nilijiona mjanja sana.

Siku ya nne nilikuwa nimegombana na mteja juu ya zipu. Nikaingia ndani, nikakuta dimbwi, nikamkuta mbwa. Hasira ikanishinda. Nilimshika shingo, nikamsugua pua kwenye yale maji, nikavua kandambili nikampiga nayo mgongoni, mara tatu. Alilia kama mtoto. Nilipoinua macho, mama mkwe alikuwa kwenye mlango wa chumba chake. Alirudi ndani akafunga mlango.

Asubuhi iliyofuata, ndani ya boksi la mbwa, juu ya gunia, kulikuwa na jani la isale limepigwa fundo.

Isale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba. Sisi tulileta mche wake kutoka Mwika tulipojenga, ukaota kwenye uzio. Kwetu Wachagga, mtu akimkosea mwenzake na kosa likawa zito kuliko maneno, hukata jani la isale, akalipiga fundo, akampelekea. Aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Hata kama ni ugomvi wa mpaka wa miaka kumi, anasamehe. Lakini ni la watu kwa watu. Sijawahi kusikia mbwa ameletewa isale.

Nilisimama pale na jani mkononi, damu inanichemka. Nilielewa hivi: mama mkwe ananiambia nimwombe mbwa msamaha. Mimi, niliyeolewa na mwanawe, nikapige magoti mbele ya boksi la sabuni. Angenitukana waziwazi ningemheshimu zaidi. Nililirudisha jani palepale nilipolikuta, nikaapa kwamba mchana ule nitamkamata.

Baada ya chakula mama alikwenda kulala kama kawaida. Nikamchukua mbwa kimya kimya, nikampitisha kwenye uwazi wa uzio, nikamkabidhi jirani na kumwomba anishikie kwa muda. Kisha nikarudi jikoni, nikavuta pazia, nikakaa na ungo wa mchele ambao sikuuchambua. Nilitaka nimwone akimtafuta mbwa amfungie ndani.

Kitanda kililia. Fimbo yake ya kutembelea ikagusa sakafu. Nikasikia hatua za haraka, za haraka kuliko umri wake, zikija upande wa mlango wa uani, halafu zikasimama.

Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Mama mkwe wangu alikuwa katikati ya korido, mkono mmoja ukutani, kichwa ameinamisha. Kanga yake ilikuwa imelowa hadi chini na maji yalikuwa yanatanda kwenye nta yangu nyekundu. Mlango ulikuwa bado hatua tano mbele yake. Kisha akafungua pindo la kanga ya juu, akatoa dagaa mmoja, akainama kwa shida.

"Njoo, baba," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo hapa kwa bibi."

Alikuwa akimwita mbwa aje asimame kando ya maji. Aliita mara ya pili. Akaangalia kwenye boksi, akaangalia nyuma yake, na nikauona uso wake alipoelewa kwamba leo mbwa hayupo.

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Mwanamke aliyezaa watoto tisa, aliyebeba mikungu ya ndizi kichwani kuteremka mlima, alikuwa ameacha chai yangu ili asipate haja. Na lile jani lilikuwa lake. Alikuwa ameniona nikimpiga mbwa kwa kosa lake, akakosa pa kusema, akamwomba mbwa msamaha kwa njia pekee aliyoifahamu. Mimi nikaona nimesemwa.

Nilitoka kwa mlango wa jikoni nikiwa sina viatu. Nilimchukua mbwa kwa jirani, nikafungua mlango wa uani kiasi cha kiganja, nikamsukumia ndani. Kisha nikazunguka nyumba hadi kibarazani, nikaburuza kiti, nikakohoa, nikapiga hodi kwangu mwenyewe. Nilipofika kwenye korido, mama alikuwa amesimama na mbwa miguuni pake, anatafuna dagaa.

"Amefanya tena," mama alisema, bila kunitazama.

"Ni mtoto, mama. Atazoea."

Nikafuta. Nikaosha kwa limau. Miguu yangu ilikuwa bado haina viatu, na nadhani aliiona.

Mume wangu sikumwambia. Yeye ni mwanawe, na kuna mambo ambayo mama hapendi mwanawe ayajue. Nilichofanya ni kuyarudia masharti ya bwana mifugo tangu mwanzo. Baada ya chai ya asubuhi nilikwenda kwenye kiti chake nikamwomba anisindikize, namtoa mbwa. Baada ya chakula, tena. Kabla hajalala na mara akiamka, tena. Nikaisogeza cherehani hadi mlangoni mwa korido ili nisikie kitanda kikilia. Tulikuwa tunakwenda watatu mpaka mwisho wa ua, mbwa kwenye nyasi, mama chooni, mimi katikati nikitazama mawingu kwenye mlima. Nikirudi nilimpa mbwa dagaa na mama nikampa chai, naye akaanza kuimaliza. Korido ikakauka, na kanga zikahamia kwenye kamba yangu.

Bado nilikuwa nashuku. Je, ananisindikiza kwa sababu haelewi, au kwa sababu anaelewa na ananivumilia? Sikuweza kumuuliza.

Mwezi ulipotimia, mzee wa Kirua Vunjo alirudi kama alivyoahidi. Alikagua korido, akainama akanusa kabisa, akasema nyumba hii ni kavu kuliko yake. Mume wangu alijaa sifa. Kisha mzee, akiwa ameketi, akavua kiatu chake polepole na kukiinua juu, kana kwamba anataka kukung'uta vumbi.

Mtoto wa mbwa alijibana chini ya kiti cha mama mkwe, anatetemeka.

"Huyu amepigwa," mzee alisema. Akavaa kiatu, akanyoosha mkono kuchukua kikapu chake.

Mume wangu alinitazama. Nilipaswa kusema ni mimi, nikainama kutoa uzi kwenye gauni langu. Mama mkwe alishika fimbo yake akasimama.

"Alipigwa siku moja," alisema. "Kosa lilikuwa langu. Angalia kwenye boksi lake."

Mzee akaenda kwenye boksi. Jani lilikuwa bado pale, limekauka, fundo halijafunguka. Sikuwahi kuthubutu kulitoa. Aliligeuza mkononi kwa muda mrefu. Yeye pia alikuwa Mchagga. Alimtazama yule mama mwenye fimbo, akadhani yeye ndiye aliyepiga, nami nikamwacha adhani hivyo. Ndilo jambo ninalolionea haya mpaka leo.

"Kama isale limeshawekwa," alisema, "mimi ni nani nikatae?" Akaliweka jani mahali pake, akaomba chai.

Walipoanza kuzungumza habari za kahawa kuoza kwenye maghala, nilimwona mama ananyanyuka kidogo kwenye kiti, kisha anakaa. Nikaenda karibu yake nikamwambia, kama kila siku, kwamba namtoa mbwa, anisindikize.

Aliutazama mlango wa uani, uliokuwa wazi. Mbwa alikuwa ameshatoka chini ya kiti, amelala nje juani.

"Mbwa ameshajua njia, mwanangu," alisema taratibu, ili wanaume wasisikie. "Nitoe mimi."

Nilimpa mkono, tukatoka.