Baba Aliporudishwa Shambani Lurujo

Mwezi uliopita nilikuwa nakwenda harusini Koboko, nikamwomba dereva asimame kidogo Lurujo. Pale palipokuwa na nyumba yetu pamepandwa tumbaku. Nilisimama kando ya barabara nikatafuta hata jiwe moja la msingi, nisilione. Hapo ndipo miaka ile iliponijia, rafiki yangu, kuanzia siku redio ilipomstaafisha baba.

Baba alikuwa kamanda wa kambi kubwa huko kusini. Katika miaka yake ya mwisho jeshini alikuja nyumbani mara chache, na akija alikaa ameupa ukuta mgongo, macho mlangoni. Wenzake kadhaa walikuwa wameitwa mkutanoni wasirudi. Hata hivyo baraza yetu ilijaa wageni: huyu ana mtoto wa kuingizwa jeshini, yule anataka tu aonekane amekaa karibu na afande.

Siku hiyo alikuwa likizoni. Tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na mtama kwa kunde zilizoungwa kwa simsim, ule ufuta uliosagwa, redio ikijisemea dirishani, mara likatajwa jina lake. Amestaafishwa kwa manufaa ya taifa. Hakuwa ameomba, wala hakuna aliyemwambia. Alimaliza tonge lililokuwa mkononi, akanawa, akazima redio. Walinzi wake waliondoka na gari kabla jua halijazama, bila kuaga.

Baraza ikawa tupu. Jirani aliyezoea kunywa chai kwetu kila asubuhi akaanza kupita njia ya nyuma. Mama alifunga nguo zetu kwenye shuka, tayari tuvuke mpaka kwenda Congo, kwa ndugu zake. Baba akakataa.

"Mimi nikikimbia, watasema iko kosa nilifanya," alisema. "Na nyinyi mutalipa."

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyempa jembe. "Umekula chakula ya serikali siku mingi. Sasa lima."

Baba akalima. Mikono iliyozoea fimbo ya kamanda ilitoka malengelenge. Mimi nilimpelekea maji kwa kibuyu, nikang'oa magugu nyuma yake, naye akanifundisha kupiga mluzi. Jioni tulipura simsim, chembe zikidondoka kwenye turubai kama manyunyu. Lakini gari lolote likisikika barabarani, sote tuliacha kazi mpaka lipite.

Moja halikupita. Mchana mmoja Landrova iliingia uani na askari wenye bunduki, wakiongozwa na kapteni kijana ambaye baba mwenyewe alimfundisha kazi. Mama alinishika bega mpaka likauma. Bibi akatoka jikoni na bakuli la maji ya kunawa, kana kwamba wamekuja wakwe.

"Kijana, umekula?"

"Mama, hatuna saa. Tunataka muzee."

"Iko shambani. Kula kwanza, atakuja."

Kapteni aliwatazama askari wake, kisha akakaa. Bibi alikuwa na msemo wake: mutu akikula kwako, mukono yake inakuwa muzito kukupiga. Tuliwaangalia wakila. Baba akatokea kwenye mihogo, miguu peku, jembe begani. Kapteni akasimama akampigia saluti, halafu akaushusha mkono haraka kama aliyeungua.

"Iko amri tukupeleke kambi ya Arua, afande."

"Nivae sare?"

"Hapana. Kuja hivyo hivyo."

Mama aliposikia jibu hilo alielewa kuwa haitwi kazini, akakaa chini. Baba alinawa miguu polepole, akamkabidhi bibi jembe, akanigusa kichwa, akapanda gari.

Sikumbuki tulikula nini siku zilizofuata. Nakumbuka bibi akienda shambani kila asubuhi kulima pale baba alipoishia, na mimi nikijaribu kupiga mluzi, midomo imekauka. Kisha asubuhi moja tukamwona baba anakuja kwa miguu barabarani, amekonda, shati limechanika. Aliomba uji. Alitusimulia jambo moja tu. Walimwuliza kama anapanga vita, na kapteni akawajibu wakubwa wake, "Mimi nilimukuta analima. Muangalie mikono yake." Wakamwamuru ainyooshe, wakaitazama, wakamwachia.

Alilima hadi mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka na askari wakapita Lurujo wakikimbilia mpakani. Tukavuka nao. Kapteni hatukumwona kati yao, na hadi leo sijui aliishia wapi. Bibi alizikwa huko ng'ambo, na baba baadaye kando yake.

Watu wakiniuliza habari za miaka ile, hungoja niwasimulie vitisho, na kweli vilikuwapo. Lakini alipokuwa mkubwa jeshini, baba nilimjua kwa mlio wa buti na vumbi la gari likiondoka. Miaka ile ya kutega masikio barabarani ndiyo pekee niliyokaa na baba nyumbani. Naikumbuka kwa hofu, na ningepewa ningeipokea tena yote.