Msomaji wa Ukurasa wa Mwisho

Mpima watoto wa kliniki ile hupasha utepe moto viganjani kabla ya kuuzungusha kwenye mkono wa mtoto, na uzito huutaja mara mbili, mara ya pili akimtazama mama. Makala za utafiti za madaktari huzisoma kuanzia nyuma, kwenye shukrani, kwa sababu jina lake limekaa huko miaka kumi na moja, chini ya la dereva. Leo daktari alipomletea rasimu mpya, aliifungua nyuma kama kawaida yake, akashuka na kidole, akamkuta dereva peke yake. Akajikaza kisabuni. "Haidhuru," alisema, akairudisha.

"Anzia mbele, dada," daktari alimwambia.

Aliichukua tena, akafungua ukurasa wa kwanza. Jina lake lilikuwa pale juu, la tatu miongoni mwa waandishi. Alilisoma kimyakimya, mara mbili. Kisha akavuta kiti, akafunua jedwali la uzito, akaomba kalamu nyekundu. "Mtoto wa kumi na saba hakuwa na kilo tisa. Alikuwa na nane na nusu, na alinikojolea," alisema. "Zamani ningenyamaza, daktari, maana makala ilikuwa yenu."