Goli Nililompa Baba

Baba alikuwa refa. Si wa ligi kubwa, bwana. Wa viwanja vya murram, vumbi jekundu tupu, Bondo mpaka Kondele, mechi za shule na zile za kumkumbuka marehemu, ambapo mshindi anapewa dume la ng'ombe na refa anapewa matusi. Presha ya macho ilimmaliza polepole mpaka akabaki gizani, na tangu tumzike Mama anakaa kwangu Nyalenda. Kila Jumamosi ananiketisha karibu naye mbele ya TV, anaweka rimoti mapajani, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuzima sauti. Anasema watangazaji wanajua majina ya wake za wachezaji lakini hawasemi mpira uko wapi. Mimi ndiye ninayemwambia.

Kazi hiyo naipenda kuliko inayonilisha. Alinifundisha sheria ya kuotea nikiwa mdogo, kwa njugu juu ya meza, moja beki, moja mshambuliaji, na ole wangu nikizila kabla ya somo kuisha. "Masikio kwa mpira, macho kwa beki," alikuwa akiniambia. "Ukisikia teke, hapo hapo unaamua." Hiyo VAR, ya marefa kurudia video, haipendi hata kidogo. Siku moja nilimchokoza kwamba mashine angalau haidanganyi. Akanijibu kwamba hata yeye hakuwahi kudanganya, alikosea tu, na hayo ni mambo mawili.

Jumamosi ninayoisema, alikuwa hali chakula. Wiki nzima sahani inarudi jikoni kama ilivyotoka, hata omena, dagaa wetu wa ziwani, naye omena hajawahi kuikataa tangu nimjue. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwa kweli, ile hofu ya kuamka asubuhi na kusikiliza mlangoni kama anakohoa. Timu yake ya Uingereza ilikuwa sare, dakika zinaisha. Halafu pasi ndefu ikapita katikati ya mabeki, yule kijana wa mbele akaifikia, akafunga.

"Goli, Baba."

Alisimama. Mzee aliyekuwa anashikwa mkono kwenda chooni alisimama peke yake, akashika mgongo wa kiti cha Mama, alichohamia nacho kwangu, na kucheza nacho, akiimba wimbo wa kwaya aliokuwa akiupenda Mama. Nilicheka hadi machozi. Nilipojifuta, refa kwenye TV alikuwa ameshika sikio. Zikaja zile laini mbili, nyekundu na ya buluu, na bega la yule kijana lilikuwa limempita beki kwa upana wa kidole. Goli likafutwa. Kwenye ukumbi wa mpira ng'ambo ya barabara, mashabiki wa timu ile nyingine walilipuka kwa shangwe.

"Mbona wanapiga kelele tena?" Baba akauliza.

"Wanaonyeshwa goli upya," nikasema.

Mimi huyu, ambaye muuza nyanya akinipunja nasimamisha soko zima. Mdomo ulikuwa umefunguka niseme ukweli, lakini yeye alikuwa ameketi, anahema, anauliza kama omena imebaki. Nilimpakulia. Alikula ugali wote na kulamba vidole, nami nikajiambia nitamwambia asubuhi. Asubuhi nikasema baada ya ibada.

Baada ya ibada wanaume husimama nje ya kanisa kuchambua mpira, na shemasi wetu, ambaye Baba alimpa kadi nyekundu enzi za ujana wake, hamwachi mzee wangu apite. Akamwambia pole kwa sare. Baba akacheka, akamwambia anywe maji baridi, walishinda. Wengine wakaangua kicheko. Baba akasimama wima, akaanza kuwaeleza ile pasi, beki alivyosimama, goli lilivyokuwa safi, neno kwa neno kama nilivyomweleza mimi. Shemasi akatoa simu, akatafuta picha yenye zile laini, akamwekea Baba usoni.

"Tazama mwenyewe, Refa."

Baba akabaki ameelekeza uso kwenye ile simu asiyoiona. Kicheko kikaisha. Shemasi akairudisha mfukoni taratibu, akasema, "Samahani, Mzee, nimesahau."

"Binti yangu aliniambia lilikubaliwa," Baba akasema. Wote wakanigeukia. Nilitazama viatu vyangu. Aliningoja kidogo, kisha akasema, "Basi amekosea. Hata mimi nilikosea mara nyingi, na nyinyi mlinifukuza na mawe. Huyu mwacheni."

Tulirudi kwa tuktuk. Amenishika mkono, na mkono wangu una jasho. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza kwa upole, bila hasira yoyote, "Nyathina, mwanangu, ulikosea, ama ulinionea huruma?"

Alikuwa ananipa nafasi. Nililijua hilo wakati ule ule, si leo. Ningesema nilikuonea huruma, Baba, ulikuwa huli, nisamehe. Angeninunia siku mbili, angenisamehe, basi. Lakini niliona aibu.

"Nilikosea, Baba."

"Sawa," akasema, na akaachia mkono wangu ili atafute mlango wa tuktuk.

Wiki hiyo alikula vizuri. Hakunikaripia, hakuligusa tena jambo lile, na chai aliipokea kwa shukrani zile zile. Nilitamani anigombeze. Jumamosi ikafika, nikamketisha pale pake, nikampa rimoti, sauti nimeshamzimia, nikavuta kiti changu karibu. Timu zikaingia uwanjani. Nikaanza kumweleza nani amevaa nini, nani yuko benchi, na yeye akawa anaitikia kwa kichwa huku kidole gumba chake kikipapasa vitufe, kimoja baada ya kingine, mpaka kikapata alichokuwa anatafuta.

Sauti ya mtangazaji ikajaa chumbani.

"Endelea tu," Baba akaniambia. "Nakusikia."